Rubani Aliyelala Malindi

Nianze na ujinga wangu. Niliandika katika insha kwamba rubani hawezi kuchoka, maana kazi yake ni kukaa kitako. Huku kwetu Lamu anayechoka ni mvuta kamba na mbeba mawe. Mwalimu akanirudishia daftari: "Kamuulize mwenyewe." Basi Jumamosi nikavuka hadi kiwanja cha ndege cha Manda, nikamkuta rubani, Mzungu mwembamba, amelala chini ya bawa. Nikaligonga bawa kwa fimbo.

"Bwana, siku hizi watu hulipwa kwa kulala?"

Hakukasirika. "Kiti kimoja kiko tupu. Panda twende Malindi na kurudi, halafu uniulize tena."

Saa saba mchana tukaruka. Mwanzo nilicheka. Kisha ngurumo ya injini ikaniingia mpaka kwenye meno, jua likapiga kioo, tukawa kama mikate ndani ya tanuri. Rubani hana msaidizi. Upepo ukisukuma, naye anasukuma. Aliniambia ameamka saa tisa usiku, hii ni safari yake ya nne, na magunia hupakia mwenyewe. Tangu asubuhi amekunywa chai tu. Juu ya maji nikaona kidevu chake kinashuka. Nikaanza kumuuliza hesabu za saba mara saba kwa sauti kubwa, naye akawa anajibu mpaka tukatua.

Malindi, rubani alijinyoosha kivulini akalala papo hapo. Afisa mmoja wa bara, abiria wa kwenda Lamu, akaniita.

"Kijana, mwamshe. Nina mkutano."

"Simwamshi, Bwana."

"Unajua mimi ni nani?"

"Sijui. Huyu ndiye najua yu macho tangu saa tisa usiku. Ukimwamsha, utakaa mbele umshike kope?"

Akaniahidi barua kwa mwalimu mkuu. Nikakaa baina yao, nikamtajia jina langu na darasa langu polepole, asije akakosea. Akatazama mbingu, kisha akatafuta jiwe akakaa.

Rubani alilala saa nzima. Tuliporudi, kidevu hakikushuka hata mara moja. Insha nimeiandika upya: rubani huchoshwa na alfajiri, joto, kelele, upweke, na mabwana wenye mikutano.

Magharibi ya siku hiyo, askari wa afisa alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Wiyoni, kunishtaki. Mama alisikiliza yote, mikono ndani ya unga. Askari alipotoka, akasema:

"Kumbe wajua mtu huchoka. Mimi ni macho tangu alfajiri, hujaniuliza hata siku moja. Twaa ndoo, kateke mai."