Kisanduku cha Sifuri

Ofisini tulimwita Mama Itakuwaje, na jina hilo nilimpa mimi, kwa ubaya. Kila nikimwonyesha jambo, swali lake ni lile lile: "Na kama mtu hajui, itakuwaje?" Siku moja nikamjibu mbele ya watu, "Asiyejua na akae kwao!" Watu wakacheka. Yeye akaandika kitu kwenye daftari lake, akaendelea na kazi.

Programu ya kukadiria mafuriko niliiunda mimi, na sifichi, nilijiona. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, yeyote duniani anaweza kuichukua akaitumia. Mpimaji anasoma nguzo iliyosimikwa mtoni, anaingiza tarakimu, programu inamwambia maji yatafika wapi na baada ya saa ngapi. Mwongozo wake ulikuwa ukurasa mmoja. Niliuandika nikisubiri chai ipoe.

Mama Itakuwaje aliajiriwa kupanga mwongozo mpya. Mwanamke wa makamo, miwani imefungwa uzi upande mmoja, miaka kumi na miwili alikuwa akiandika maelekezo kwenye chupa za duka la dawa. Mwoga huyo, jamani! Akifunga mlango anarudi kuusukuma mara mbili. Tukimtania anasema, "Kwa mwoga huenda kicheko," halafu anausukuma mara ya tatu.

Ukutani alibandika karatasi tatu kubwa. Ya kwanza: Umefika leo, hujui kitu. Ya pili: Unajua, ila umesahau. Ya tatu: Kuna kitu hakiendi sawa, na chini yake namba za simu, mpaka ya mwalimu mkuu wa shule ya mlimani, juu ya bonde. Mimi nilitaka mwongozo utaje vitufe, kimoja baada ya kingine, basi.

"Mtu hana shida na kitufe, Fundi," aliniambia. "Ana shida na mto."

Tena alikuwa na sharti. Anamkalisha mgeni mbele ya kompyuta, anampa mwongozo, sisi tunakaa nyuma, na ni marufuku kufungua mdomo. Jumatatu moja akamwita dada wa usafi. Nikasema moyoni, huyu sasa anatuchezea. Dada akafuata ukurasa wangu kwa kidole, akafika penye tarakimu ya nguzo, akakwama.

"Hii nguzo ikisombwa, ikasimikwa pengine, nahesabu kuanzia wapi?"

Nikataka kujibu. Mama Itakuwaje akanikazia macho, kidole mdomoni.

Jibu lilikuwepo. Kwenye programu kuna kisanduku cha sifuri: nguzo ikihamishwa, unaandika pale sifuri yake imepanda au imeshuka kiasi gani, na kwa kila kipimo kipya kinaanza upya. Sisi tulizoea kukibadilisha bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna. Kwenye mwongozo sikukitaja.

"Lakini hilo kila mtu analijua!" nikafoka dada alipotoka.

"Mume wangu alinunua pampu ya maji," akasema taratibu. "Karatasi yake ilisema fungua kifuniko, safisha. Haikusema chomoa umeme kwanza, maana kila mtu analijua. Mkono wa kulia haukurudi tena. Kila asubuhi namfungia vifungo vya shati."

Niliona aibu. Nikamwambia nitaongeza mstari huo kesho, kisha nikapata kazi nyingine za kujifanya muhimu, na kesho ikaja kuwa Alhamisi.

Alhamisi mvua ilianza alfajiri, haikukata. Saa nane mchana tarakimu ikaingia kutoka kituo cha kupimia, juu mtoni: mita moja na nusu. Programu ikatoa rangi ya kijani, hakuna hatari, na ujumbe wa hivyo ukaenda kwenye simu za bondeni. Nikashusha pumzi, maana mama yangu anakaa bondeni, nyumba ya pili kutoka mtoni, na magoti yake si ya kukimbia.

Mama Itakuwaje alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mpimaji wetu si yuko likizo? Nani yuko kituoni?"

"Mgeni. Kaanza juzi."

"Na nguzo si ilisombwa mwezi uliopita?"

Nguzo mpya ilisimikwa ukingoni, mita mbili juu ya ile ya zamani. Moja na nusu kwenye nguzo mpya ni tatu na nusu za mto. Kwa tatu na nusu, maji yanaingia nyumba za bondeni ndani ya saa mbili.

Nikapiga simu kituoni. Mara ya tatu mpimaji akapokea.

"Kisanduku cha sifuri umekibadilisha?"

"Kisanduku kipi, bosi?" Sauti ya mtu anayengoja kusifiwa. "Mwongozo ninao hapa mbele yangu. Nimeufuata neno kwa neno."

Nikakibadilisha mwenyewe. Skrini nzima ikawa nyekundu. Nikatuma ujumbe wa hatari bondeni. Nikampigia mama: hapatikani. Tena: hapatikani. Nimemuua mama yangu, nikawaza, kwa uvivu wa mstari mmoja.

"Mwalimu mkuu nilimpigia asubuhi," Mama Itakuwaje akasema. "Sikuwa na hakika ya chochote, niliogopa tu. Aliahidi kuwapandisha watu shuleni, kule mlimani. Kama wamekubali kupanda, sijui."

Tukampigia mwalimu. Simu iliita mpaka ikakata. Saa kumi ikafika, saa ya maji kuingia. Nilikaa nikitazama ile karatasi ya tatu, nasoma namba zile zile, mvua ikizidi kwenye bati.

Saa kumi na moja simu yangu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mwanangu, nimekaa kwenye dawati la watoto, miguu imekufa ganzi," mama akasema. "Nyumba imejaa maji hadi dirishani, naiona kutoka huku. Simu yangu iliisha chaji, imebaki kitandani."

Nililia, sikujali nani ananiona.

"Tungekufa, wallahi," akaendelea. "Mchana tulikuwa tumeshaanza kurudi makwetu. Ofisi yenu ilitutumia ujumbe kwamba hakuna hatari, na ule wa hatari umefika maji yakiwa yameshaingia! Mwalimu akasimama mlangoni akakataa, akasema kuna mama mmoja huko kwenu anaogopa, na yeye anamwamini. Mshukuru sana mama huyo. Na huyo aliyesababisha mkaandika hakuna hatari, ni nani? Hana mzazi?"

Mama Itakuwaje alikuwa karibu, alisikia kila neno. Akageuka akatazama dirishani, akaniachia nijibu mwenyewe.

"Ni mimi, mama."

Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake.

"Basi niletee nguo kavu," akasema, akakata simu.