Kicheko cha Kiganja

Ukitaka kumjua mtu wa huku kwetu Nakuru, mchekeshe. Atafunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya visima, iliyageuza meno yake kuwa ya kahawia tangu utotoni. Mimi ni mmoja wao.

Juzi nilikuwa eneo la Bahati, kwenye kibanda cha maji yaliyochujwa. Mbele yangu mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa ameukumbatia mtungi wake mtupu.

"Boss," alimuuliza muuzaji, "ni ukweli hii maji mnachuja na mifupa ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mathe. Inachomwa mpaka inakuwa makaa. Hiyo ndiyo inashika floraidi."

"Basi wacha. Mimi nachemshanga yangu. Mara mbili!"

"Kuchemsha inaua viini tu, mathe. Maji ikipungua kwa sufuria, floraidi inabaki hapo, tena kali zaidi."

Muuzaji akamkingia maji kidogo kwenye kikombe. Mama akakipokea, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Na hii supu yenu haina hata chumvi!"

Foleni nzima ilicheka, na viganja vyote vikapanda midomoni, changu kikiwemo. Mtoto peke yake ndiye aliyecheka mdomo wazi, na meno yake mawili meupe. Mama aligeuza shingo, akamtazama, kisha akauweka mtungi chini ya mfereji.

Kumbe dawa yetu ilikuwa buchani siku zote. Sisi wakubwa tumeshachelewa. Lakini huyo mtoto, kiganja chake atakitafutia kazi nyingine.