UPS ya Kulala na UPS ya Kusimama

Muuzaji alikuja chuoni na picha za mashine mbili, akaziweka kwenye meza ya mkuu wa chuo. Zote zilikuwa UPS, zile mashine za betri zinazoshikilia kompyuta stima inapopotea, mpaka mtu apate nafasi ya kuhifadhi kazi yake na kuzima vizuri. Nakuru ya mwaka 2007 ilihitaji kitu kama hicho. Mvua ikianza tu kupiga upande wa Menengai, stima inapotea.

Ya kwanza ilikuwa pana na bapa, ya kuingizwa kwenye kabati la chuma pamoja na seva. Muuzaji aliiita rack. Ya pili ilikuwa kisanduku kirefu chenye magurudumu, cha kusimama sakafuni. Hiyo aliiita tower. Sisi pale ofisini tukaishia kuziita ya kulala na ya kusimama.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta wa chuo, na asubuhi nilifundisha darasa la wanaoanza. Kazi hiyo alinipa mkuu wa chuo mwenyewe, mwalimu wangu wa zamani. Baba alipofariki nikiwa katikati ya kozi, Mama alitaka nirudi nyumbani Kabazi tulime. Mwalimu ndiye aliyepanda hadi Kabazi, akaketi na Mama jikoni, akamwambia aniache nimalize, mambo ya ada amwachie yeye. Hakuwahi kunikumbusha hilo hata siku moja. Kwa hiyo mtu anaponiuliza leo kwa nini nilifanya nilichofanya, huwa naanzia hapo.

Siku ya kuchagua, aliwaita walimu wote wachache tuliokuwa nao. Akaniuliza mimi kwanza.

"Mwalimu, ya kulala si mbaya," nikasema. "Mahali penye seva nyingi, zimepangwa kwenye kabati, hiyo ndiyo inafaa. Lakini sisi tuko na seva moja. Na kwa hii bei, ya kulala tunayopata ni ndogo. Itashika seva na ule mstari wa mbele wa kompyuta. Tukiunganisha darasa lote, na hizi skrini zetu kubwa, itazidiwa. Ya kusimama kwa bei hiyo hiyo ina nguvu zaidi, na baadaye tunaweza kuongeza betri."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua picha ya ile ya kusimama, akawaonyesha wenzangu.

"Na hii tutaiweka wapi? Chini, miguuni pa wanafunzi, kama jiko la makaa?"

Walimu wakacheka.

"Huyu binti nilimfunza mimi kushika mausi," akaongeza. "Sasa anataka kunifunza."

Wakacheka zaidi. Nami nikacheka, masikio yakiwa moto. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa mzaha, na alishaamua kabla hatujaingia. Alikuwa amewahi kuona kabati la kioo katika benki moja Nairobi, taa za kijani zikimetameta ndani, na picha hiyo ilimkaa kichwani. Tena tulikuwa tunangoja wageni. Mzee mmoja wa Kisikh, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa ametupa kompyuta za darasa zima, na Mwalimu alitaka akija kuzifungua rasmi akute kitu cha kutazama.

Tukanunua ya kulala. Kabati la kioo likasimamishwa pale pale mlangoni mwa darasa. Niliunganisha seva na mstari wa mbele tu, kama nilivyosema, na mambo yakaenda vizuri. Nilianza hata kufikiri kwamba labda nililalamika bure.

Siku ya sherehe walikodi hema na viti vya plastiki. Mama alikuja kutoka Kabazi na basi la kwanza, amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya kichwani. Hakuwa amewahi kuona mahali ninapofanya kazi. Nilimzungusha kila chumba, na kila tulipokutana na mtu alisema, "Mimi ndiye mama yake," hata kabla ya kuulizwa.

Wageni hawajaingia bado, Mwalimu akaniita darasani. "Unganisha mistari yote."

"Mwalimu, itazidiwa."

"Ni dakika moja tu. Nazima meni, ile swichi kubwa, wazee wanaona kompyuta haziendi, nawasha. Basi."

Nikapiga magoti chini ya meza, nikaunganisha. Niliposimama, mashine ilikuwa imeanza kulia ndani ya kabati, mlio mfupi mfupi, ndiyo namna yake ya kusema mzigo umepita kiasi. Nikamtazama. Akasema, "Nyamazisha hicho kilio kabla hawajaingia." Nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha.

Wageni wakajaa darasani, wengine wakabaki mlangoni na madirishani. Mama alipata nafasi nyuma, karibu na ubao. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa amekalishwa mbele aandike barua ya kumshukuru mgeni, ili ichapishwe pale pale apewe mkononi. Mwalimu akasimama kando ya swichi kubwa ya ukutani.

"Wageni waheshimiwa," akasema, "stima ya Nakuru mnaijua. Lakini kuanzia leo, hata ikipotea mji mzima, watoto wetu hapa wataendelea kusoma."

Akazima.

Taa za darini zikazimika. Skrini zikabaki zinang'aa. Mtu akaanza kupiga makofi, wenzake wakamfuata, na kabla makofi hayajashika, skrini zote zikafa pamoja. Kabatini ikawaka taa nyekundu, na mashine ikapiga mlio mmoja mrefu usiokatika. Yule msichana akabaki na vidole juu ya kibodi. Barua ilikuwa imekwenda.

Mwalimu akawasha meni haraka. Kompyuta zikaanza kujiwasha upya, kila moja kwa wakati wake, na zile feni zake zikavuma ndani ya kimya cha watu. Mkono wake haukuondoka kwenye swichi.

Yule mzee akasogea mpaka kwenye kioo, akainama, akaitazama mashine. Hakuwa na hasira. Alikuwa mfanyabiashara, na nafikiri alidhani tumeuziwa kitu kibovu, akataka kutusaidia.

"Hii kitu nani alichagua?" akauliza.

Walimu wote waliokuwa kwenye kile kikao walikuwa pale, na kila mmoja alikuwa ametazama upande wake. Mwalimu alifungua mdomo. Alikuwa na jasho kwenye paji la uso na alionekana mzee, kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona. Niliona haya kumtazama, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mzazi wake hajavaa.

"Ni mimi," nikasema.

Yule mzee akageuka. "Wewe?"

"Ndiyo, mzee. Nilikosea hesabu ya mzigo."

Nilidhani Mwalimu atasema kitu. Sikuwa nimepanga chochote, lakini nilipokwisha kusema nikajua kwamba nilikuwa nangoja aseme, "Hapana, si yeye." Akasafisha koo.

"Bado ni mtoto," akawaambia wageni. "Atajifunza."

Watu wakacheka kwa wema, wakashusha pumzi, na yule mzee akanipiga bega kidogo akasema hata yeye aliharibu vitu vingi ujanani. Nikainua macho nimtafute Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anajifunga upya kitambaa ambacho hakikuwa kimefunguka.

Hakula chakula cha wageni. Nilimsindikiza hadi stendi, yeye akitangulia hatua mbili mbele.

"Mtu alikuja hadi nyumbani kwangu kukuombea," akasema. "Na wewe unamwangusha mbele ya watu?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Watu walikuwa wanapita na mizigo, makanga walikuwa wanaita abiria wa Subukia, na mimi nikafikiri kwamba nikimweleza, atarudi kumgombeza Mwalimu, na yote yatakuwa ya bure. Nikasema tu, "Nisamehe, Mama."

"Mimi si wa kuombwa msamaha."

Akapanda gari bila kugeuka.

Baada ya hapo mimi na Mwalimu hatukuweza kukaa chumba kimoja. Alikuwa akinisalimu macho yakiwa dirishani. Mzaha wake ulikwisha, angalau nikiwepo. Nilirudisha nyaya kama zilivyokuwa, seva na mstari wa mbele, wala hakuna aliyeniuliza. Wenzangu walianza kuniletea chai mezani, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya. Walijua ukweli, nami nilijua kwamba wanajua, na ile chai ilikuwa ngumu kumeza.

Krismasi nilifika nyumbani siku moja, nikarudi mjini. Kisha ukaja uchaguzi, na ghasia za Januari yake. Chuo kilifungwa. Moshi ulionekana kutoka mitaani, barabara za kwenda nje ya mji zikafungwa, na sikuweza kufika Kabazi wala Mama kufika kwangu. Familia zilizokimbia kutoka upande wa Elburgon zilikuja kulala katika madarasa yetu. Mwalimu na mkewe walikuwa pale kutwa, nami nikaenda kusaidia. Tulizitoa kompyuta, tukazifunika kwa maturubai stoo, tukatandika magodoro.

Alasiri moja tulikuwa tumebeba meza ndefu, yeye mwisho mmoja, mimi mwingine. Akasimama katikati ya uwanja.

"Ile siku ya wageni," akasema.

Nikangoja. Mama mmoja akaita kwamba maji yameisha kwenye tangi. Tukaishusha meza, akaenda kutazama maji. Hakurudia tena.

Barabara zilipofunguka nilikwenda nyumbani. Mvua ilikuwa imeanza na Mama alikuwa anapanda viazi. Alinipokea, akanishika uso kwa mikono yenye udongo, akashukuru Mungu kwamba niko mzima. Ya chuoni hakuyataja. Nilidhani yamepita.

Nilikuwa bado pale Mwalimu alipokuja. Tulimwona akipanda kilima kwa miguu, viatu vimejaa matope. Mama akampa kiti jikoni, mahali pale pale alipoketi mara ya kwanza, akaweka maji motoni. Mwalimu hakungoja chai.

"Mama, kuna kitu nimekuja kukuambia. Ile mashine niliichagua mimi. Huyu alinikataza, mbele ya walimu wote, na nikamcheka. Aliposema ni yeye, nikanyamaza. Nilikuwa naona haya."

Mama aliendelea kupuliza moto. Akamimina chai, akampa, akaketi.

"Mwalimu, mimi nilisimama mbele ya akina mama wenzangu kanisani," akasema. "Nikawaambia mtoto wangu amemwaibisha mtu aliyemsaidia. Nikaomba tumwombee. Wamekuwa wakimwombea mpaka juzi."

Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Jumapili uje, uwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Kunywa chai, inapoa."

Alikuja. Ibada ilipokwisha, akina mama wakabaki, naye akasimama mbele yao, kofia mkononi, akasema yote. Hakujitetea. Alieleza hata habari ya mashine ya kulala na ya kusimama, na wale akina mama wakasikiliza kama wanaoelewa. Alipomaliza, wakanigeukia mimi, wakapiga makofi, mmoja akasema nina moyo wa dhahabu. Nilitamani kutoka. Mama alikuwa ameketi mikono mapajani, hapigi.

Tukirudi nyumbani, wawili tu, akasema, "Yeye ameshasema yake. Wewe je?"

"Mimi nini, Mama?"

"Wewe uliniona nikiinamisha kichwa mbele ya watu. Ukanisindikiza hadi stendi, ukanipandisha gari nikiwa hivyo. Krismasi ukaja nyumbani, ukanikuta bado nimeinama, ukala, ukaenda. Mwalimu ulimhurumia. Mimi nilikuwa nani?"

Nilimwomba msamaha pale njiani, kwa maneno yale yale niliyotumia stendi, nikajisikia vibaya kwamba sina mengine. Akasema amenisikia. Hakusema zaidi ya hapo.

Chuo kilifunguliwa tena, na mwaka huo tukanunua mbili za kusimama, tukaziweka chini kando ya ukuta. Lile kabati la kioo tuliliachia seva. Mimi na Mwalimu tulirudi kuongea kidogo kidogo, mambo ya kazi kwanza. Mama ilimchukua muda mrefu zaidi. Viazi vilipokomaa alimtuma jirani anipigie simu kwamba mikono haitoshi. Niliomba ruhusa siku hiyo hiyo, nikapanda hadi Kabazi kuvuna naye, na tulifanya kazi mistari miwili iliyo karibu, bila kusemezana sana, mpaka magunia yakajaa.