Nilipasua Kinu, Nikamsingizia Mkamwana

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa ili huyu mwalimu wa misheni anayeniandikia asije akalipamba njiani. Kinu nilikipasua mimi, kwa mikono yangu hii, halafu nikamnyooshea kidole mtu mwingine. Andika hivyo hivyo, mwalimu, wala usicheke!

Jina langu lisitajwe. Ninyi msomao gazeti huko mbali hamtanijua, na hapa Songea watanijua tu, maana kinu kilichopasuka chini ya mlima Matogoro msimu ule kilikuwa kimoja.

Basi sikilizeni. Katika ujana wangu nilikuwa mtwangaji. Si mtwangaji wa kupata unga tu, hapana! Nilikuwa naurusha mchi juu, napiga makofi matatu ukiwa bado hewani, naudaka, naushusha, na mwenzangu tunayetwanga naye kinu kimoja hajakosa zamu yake. Wanawake wengine walipiga kofi moja, wenye sifa walipiga mawili. Wa matatu nilikuwa peke yangu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema alinipenda kwa kunisikia, kabla hajaniona. Ndiye aliyenichongea kinu kile, gogo zima la mninga, na mchi mrefu kunizidi kimo.

Vita vya Maji Maji vilipokuja, mume wangu alikunywa ile dawa ya kuzuia risasi pamoja na wenzake, akaniaga akicheka, hakurudi. Sina la kuongeza hapo.

Askari wa Wadachi walipokuja kuchoma nyumba na maghala, watu walikimbilia msituni Matogoro na watoto na mbegu. Mwanangu, wakati huo ndiyo kwanza ndevu zinachungulia, alibeba mtama. Mimi nilibeba nini? Kinu! Nimekitwika kichwani, napanda nacho mlima, majirani wananiona nimerukwa na akili. Bondeni niliteleza, nikaanguka, kinu kikaniangukia kiunoni. Mawee! Nilikificha pale pale chini ya majani, nikaendelea kwa kutambaa.

Njaa iliyofuata vita ilipopungua tulikirudia. Kilikuwa kizima. Kiuno changu ndicho hakikurudi kizima. Tangu siku hiyo mvua ikitaka kunyesha, mimi ndiye wa kwanza kujua hapa mtaani.

Miaka ikapita, mwanangu akaoa binti wa upande wa Hanga. Binti mpole, mikono haitulii kwa kazi, na alipojifungua mtoto wa kiume tulimpa jina la babu yake. Nyumba ikachangamka. Mimi nami nikarudi kinuni, na mchi wangu mrefu, na makofi yangu. Sasa umri ulikuwa umesogea, jamani. Nikirusha leo, kesho nainuka kitandani kwa awamu: kwanza kiwiko, halafu goti, halafu kuomba dua.

Mkamwana wangu aliona. Hakusema kitu, maana kwetu mke wa mwana hamwambii mama mkwe kwamba amezeeka, wala hajibizani naye hata akisingiziwa. Shikeni hilo, ndilo lililonifikisha hapa.

Ikafika siku ya kutwanga ulezi wa pombe, ya kuwashukuru majirani waliotujengea nyumba mpya. Wanawake walijaa uani. Nikakuta kando ya kinu changu pameegemezwa mchi mpya, mfupi, unanifika kifuani, katikati umechongwa mwembamba na kulainishwa vizuri.

"Huu wa nani?" nikauliza.

Mkamwana akainamisha macho. "Wa mama."

"Mama yupi?"

"Wewe, mama."

Mungu wangu, nilivyowaka! Mchi wa kitoto! Mbele ya wanawake wote! Nikauokota nikautupa nyuma ya jiko, nikachukua ule mrefu. "Njoo hapa," nikamwambia, "simama upande huo, uone watu wanavyotwanga."

Tukaanza. Wenzetu wakaingia ndani na nyungo zao kupepeta, tukabaki wawili. Ndipo nikamsikia mmoja humo ndani akisema, "Siku hizi bibi hapigi tena matatu." Alisema polepole, lakini masikio yangu hayajazeeka.

Nikaurusha. Kofi la kwanza. La pili. La tatu nilipolipiga, kiuno kikanishika hapo hapo, sipandi wala sishuki. Mchi ukaja wenyewe, ukapiga mdomo wa kinu. Kah! Ufa ukashuka mpaka chini, ulezi ukamwagika kwenye vumbi.

Wanawake wakatoka mbio. "Kuna nini? Nani?"

Hapo ndipo nilipokosa, wasomaji wangu. Nilikuwa na pumzi ya kusema neno moja tu, mimi, nikasema jingine. "Huyu!" nikapiga kelele, kidole kimeelekea kwa mkamwana. "Amenipasulia kinu cha marehemu!"

Binti wa watu akapiga magoti kwenye ulezi, mtoto mgongoni, akainamisha kichwa. Angesemaje? Mimi ni mkwe wake. Na nilijua kwamba hatasema, ndiyo maana nilimsukumia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kiuno.

Kesho yake maneno yakaanza. Kwetu kinu kikipasukia mikononi mwa mke mgeni, watu hawaishi kunong'ona kwamba na nyumba itapasuka. Alivumilia siku tatu. Siku ya nne akafunga mzigo, akamwambia mumewe anakwenda kuwasalimu wazazi wake Hanga. Mwanangu alinitazama. Nikatazama kuku.

Akaondoka na mjukuu wangu. Nyumba ikawa kimya. Siku moja nikiwa nimekaa ninaulilia ule ufa, likanijia kama kibao cha shavuni: nalilia kinu cha mume wangu, na jina lake nimelifukuza nyumbani! Ewe mwanamke mjinga! Mti nimeukumbatia, mtu nimemwacha aende.

Kula nako kukawa shida. Nilikwenda kutwanga kwa jirani na mchi wangu mrefu, nikapiga mara nne, nikalala chini kwenye pumba. Nikarudi nyumbani nimeshika ukuta. Nyuma ya jiko nikauona ule mchi mfupi, na buibui wameshauzoea.

Nikauchukua, nikarudi nao kwenye kinu cha jirani wakati hakuna aliyekuwa ananiona. Mwanzo niliuendesha kwa mazoea, mikono juu, kiuno kinapinda, ukanikatalia. Nikatulia. Nikaweka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, nikalegeza magoti, nikauinua mpaka kifuani tu, nikauachia. Sikuusukuma, niliuachia. Ukashuka kwa uzito wake wenyewe. Tena. Tena! Kiuno kimya! Pale palipochongwa pembamba ndipo hasa mkono wangu unapofika kabla maumivu hayajaanza. Sikuwahi kumwambia mtu mkono wangu unafika wapi. Yule binti alikuwa akinitazama miezi mingi, anahesabu pale ninapokunja uso, ndipo akachonga.

Nililia, nikamaliza kutwanga, nikalia tena.

Kulipopambazuka nilimshika jogoo wangu mkubwa, nikachukua ule mchi niwe naegemea, nikashika njia ya Hanga. Siku mbili njiani, mzee mimi, jogoo ananidonoa kwapa. Waliokutana nami walinisalimu shikamoo na kuuliza, "Bibi, mbona unatembea na mchi?" Nikawajibu, "Unanipeleka kuomba radhi."

Kwa wakwe zangu sikupitiliza ndani. Nilipiga magoti mlangoni, na kupiga magoti kwangu mnajua si jambo dogo, nikapiga makofi ya heshima, nikamweka jogoo chini. Mama yake binti akatoka, na binti nyuma yake na mtoto.

"Nimekuja kusema," nikasema. "Kinu sikupasuliwa na mtu. Nilikipasua mwenyewe. Binti yenu nilimsingizia."

Jogoo akawika, shetani yule!

Yule mama akaziba mdomo na upande wa nguo yake. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! "Mkwe wangu," akasema, "tunajua. Mwanao alipokuja kumtazama mkewe alituambia ufa ulikuwa upande wako."

"Mwanangu anajua?"

"Songea yote inajua. Walikuwa wanakusubiri wewe tu ujue."

Ardhi ingepasuka ningeingia! Siku zote hizo nimejificha nyuma ya kidole, na watu wananiona mwili mzima. Nikabaki pale chini, kwanza kwa aibu, pili kwa sababu kuinuka kulikuwa kumenishinda.

Mkamwana akaja kuniinua. Akauona mchi. Ndipo akaniambia neno kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mama, umekutosha?"

"Umenitosha, mwanangu. Haukuzidi hata upana wa kidole. Nisamehe."

"Nilitaka kuuchonga mrefu kidogo," akasema, "nikaogopa utarusha."

Tukacheka mpaka mtoto akashtuka akalia. Wakamchinja jogoo, nikamla bila huruma, maana alinidonoa siku mbili. Na tulirudi nyumbani wote watatu.

Kile kinu kilipokauka kilifunguka vipande viwili. Kimoja kuku wanakunywea maji. Kingine mwanangu amekilaza na kukisugua, na mwenye jina la babu hukalishwa humo tukitwanga kwenye kinu kipya, asitambae kwenye moto. Mume wangu angefurahi, namjua.

Sasa niwaambie wenzangu mliokula chumvi nyingi, wake kwa waume, wa mchi, wa jembe, wa shoka. Mwili ukikuambia inua mpaka hapa, inua mpaka hapo hapo, uachie. Kazi itafanyika! Mtu akikuchongea mpini mfupi usiutupe nyuma ya jiko, huenda ndiye peke yake aliyekuwa akikutazama kwa upendo. Na ukikosea, sema ni mimi, siku ile ile, kabla hujalazimika kutembea siku mbili na jogoo. Wala usimsukumie asiyeruhusiwa kukujibu. Huo ni uoga tu, hata ukiufanya na mvi kichwani.

Makofi matatu? Nimeyaacha. Mchi wangu hauruki tena. Lakini jana nilikuwa natwanga zamu kwa zamu na mkamwana, polepole, nikasikia nyuma yangu, pa! pa! pa! Nikageuka. Ni mjukuu wangu, amekaa ndani ya kinu cha babu yake, ananipigia.

Basi mwalimu, funga barua. Naitwa uani.