Dirisha la Kibanda Namba Nne

Fundi saa ambaye mtaa mzima ulimwita Sekunde hakujua kukaa kitako. Angeifungua saa ya mteja, akaiacha wazi mezani, akaenda mlangoni kutazama nani anapita, akarudi, akakumbuka chai, akaichemsha, kisha akaisahau. Ajabu ni kwamba saa zilipona. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba mumewe alimeza kamani ya saa utotoni na mpaka leo haijaisha kufunguka.

Chumba cha nyuma ndicho pekee kilichomshika kwa saa nzima bila kunyanyuka. Humo, juu ya milango miwili mibovu iliyolazwa kwenye mapipa, alikuwa amejenga reli. Behewa moja lilikuwa na urefu wa shubiri. Treni ilizunguka ikiipita stesheni, ghala la mizigo, tangi la maji la miguu minne na kivuko cha barabara, na kila jengo lilikuwa jengo la kweli la stesheni moja ya mbali, limepunguzwa kwa kipimo, mita moja ya kule ikawa sentimita moja na kidogo hapa mezani. Watu waliokuja kuangalia walisifu sana, wakauliza kama mabehewa yanabeba kitu, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza kwa nini kati ya stesheni na kivuko palikuwa na mahali patupu, mbao tu, upana wa kiberiti. Mkewe alipajua. Alipanguza vumbi kila mahali, pale hakupagusa.

Pale palitakiwa kukaa kibanda namba nne, na Sekunde alikuwa amekipiga chenga kwa miaka sita.

Baba yake alifanya kazi ndani ya kibanda hicho, akivuta mitaimbo iliyopanga njia za treni na kufunga geti la kivuko. Alikuwa akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, na watoto wake wawili hawakuwahi kufika kule. Siku moja geti lilibaki wazi, treni ikampiga mtu aliyekuwa akisukuma mkokoteni, akafa palepale. Mlinzi wa kivuko alipaswa kumpigia kengele afunge, na baba alisema kengele haikulia. Tume ya uchunguzi ikamjibu kwamba kengele si hoja, kibanda kina dirisha, angetazama nje angemwona yule mtu. Baba akasema dirisha ni moja tu na halitazami kivuko. Wenzake walioweza kusema lolote waliogopa kazi zao, wakafyata ulimi. Tume yenyewe ilikaa mjini, haikwenda kuangalia. Baba alifukuzwa, na mwaka uliofuata kibanda kikabomolewa ili reli ipanuliwe. Sekunde alikuwa na miaka kumi na mmoja. Shuleni walimwita mtoto wa aliyelala, naye alipigana mara nne, mara ya tano akachoka, akaanza kuamini kwamba baba yake alilala kweli.

Sasa baba alikwisha kufa, Sekunde mwenyewe alikuwa na wajukuu, na jambo lile lilikuwa bado linamchoma moyoni kama kijiwe kwenye kiatu. Dirisha lilitazama wapi? Likitazama mashariki, kwenye kivuko, basi baba aliwadanganya. Likitazama magharibi, upande wa stesheni, basi alisema kweli, na dunia nzima ilimwonea. Huwezi kujenga kibanda bila kuamua dirisha unaliweka wapi. Ndiyo maana hakukijenga.

Mwaka huo akapiga moyo konde. Akasafiri mpaka kwenye stesheni yenyewe, akakuta msingi wa saruji umeota majani na matofali machache yaliyobaki. Msingi hausemi dirisha lilikuwa wapi. Akawauliza wenyeji, akapata majibu matatu kutoka kwa watu wawili. Hakutaka kurudi mikono mitupu, kwa hiyo akapima tofali moja urefu, upana na kimo, akalifunga kwenye gazeti akarudi nalo nyumbani. Mkewe alipolikuta kwenye begi la nguo aliuliza kama kule hakuna zawadi nyingine.

Hatua iliyofuata ilikuwa ofisi ya kumbukumbu za reli. Karani wa pale alikuwa mama mmoja mpole, miwani puani, aliyejua kila faili lilipo na hakupenda kuharakishwa. Michoro ya kibanda haikuwepo, alisema, ililiwa na mchwa pamoja na kabati. Lakini kulikuwa na bahasha ya picha zilizopigwa na wapimaji wa reli, na akaanza kuzitoa moja moja, akizipangusa kwa kitambaa. Ya pili ilikuwa kibanda namba nne. Sekunde hakusubiri ya tatu. Aliichukua, akaipiga picha kwa simu mbele na nyuma, akashukuru akiwa tayari mlangoni.

Picha ilikuwa ya karibu sana. Haikuonyesha reli wala kivuko, bali kuta mbili tu na mbuzi mmoja aliyeingilia shughuli za watu. Ukuta wenye dirisha ulikuwa uking'aa kwa jua, ule mwingine umo kivulini. Nyuma, kwa penseli, mpimaji aliandika: Kibanda Na. 4. Saa 3.

Sekunde alipiga hesabu. Saa tatu jua liko mashariki, linapanda. Ukuta unaong'aa saa tatu ni ukuta unaotazama mashariki. Mashariki ni kivuko.

Alikijenga hata hivyo, tena kwa mkono wa fundi. Alihesabu mistari ya tofali kwenye picha, ikatoka thelathini na minne, akaizidisha kwa kimo cha tofali lake la kwenye gazeti, akapata kimo cha ukuta bila kubahatisha. Kuta zilitoka kwenye boksi la viatu, milango kwenye njiti za kiberiti, kioo cha dirisha kwenye nailoni iliyofungia shati jipya la mkewe, ambaye alilalamika kwa sababu shati lenyewe bado lilikuwa halijavaliwa. Alichora tofali mojamoja kwa ncha ya sindano ya saa. Kazi iliyohitaji wiki mbili aliimaliza kwa siku tano, na siku hizo wateja waliofuata saa zao waliambiwa warudi kesho mpaka wakakoma kuuliza. Mwishowe akakigundisha mahali pake, akaweka ndani ya kibanda kioo kidogo cha duara cha kujitazamia, kikielekea dirishani, akainama achungulie kile alichokiona baba yake. Kivuko kilionekana chote, geti, barabara, hata mkokoteni mdogo aliokuwa ameuweka pale bila kujua kwa nini.

Alikwenda siku hiyohiyo kwa dada yake. Dada alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitano, mshonaji, mjane, mtu asiyepoteza maneno. Alimkuta akipinda sketi ya shule. Hakukaa. Akiwa amesimama akamweleza yote, tofali, picha, jua, dirisha, halafu akasema, "Dada, baba aliona. Alitudanganya."

Dada alikata uzi kwa meno. Akamwambia arudi nyumbani kwake. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Sekunde kuliko kama angegombezwa, kwa sababu tangu utoto dada yake akikasirika sana ndipo anaponyamaza.

Wiki tatu zikapita bila simu. Sekunde akawa hashikiki. Aliendesha treni, akaizima, akaiwasha. Aliinama kwenye kile kibanda kila asubuhi kana kwamba kivuko kitakuwa kimehama. Alidhani akishajua atatulia, sasa amejua na moyo ndio umezidi kumwenda mbio. Mkewe akachoka naye, akamwambia atafute safari yoyote ile, hata ya kununua chumvi. Akakumbuka kwamba hakuwa na rangi kamili ya paa. Akaenda tena kumbukumbu kuuliza.

Karani alimtambua. Hata salamu haikuisha vizuri akamlaumu, "Mzee, juzi ulikimbia, bahasha hukuimaliza. Mimi nilikuwa nakutolea zote, wewe ukaondoka na moja."

Akamketisha kwenye kiti, na mara hii Sekunde alikaa kama alivyoambiwa. Picha ya rangi haikuwepo, zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini aliona aibu kuondoka. Akatazama ya tatu, ghala. Ya nne ilikuwa tangi la maji, lile la miguu minne, na kivuli chake kilikuwa chini yake kabisa, kimejikunyata katikati ya miguu. Akaigeuza. Mwandiko uleule, penseli ileile: Tangi. Saa 12.

Aliisoma mara mbili. Saa kumi na mbili jua linachomoza au linazama, na kivuli cha tangi kingelala chini kirefu mpaka kutoka nje ya picha. Kivuli cha namna hii ni cha adhuhuri, jua utosini. Ni cha saa sita.

"Mama," alimwuliza karani, "hawa watu wa reli walihesabuje saa?"

Karani alishangaa swali lenyewe. Walisoma saa kama ilivyoandikwa usoni, alisema, akrabu ikiwa kwenye kumi na mbili wao wanaandika kumi na mbili. Ratiba za treni zote zilikuwa hivyo. Kila mtu wa reli alijua.

Kwa hiyo saa tatu ya mpimaji ilikuwa saa tisa ya mchana. Jua lilikuwa magharibi. Ukuta uliong'aa ulitazama stesheni. Na aliyekosea alikuwa fundi saa, mtu ambaye kwa miaka arobaini alitazama akrabu zikiwa kwenye tisa na kumwambia mteja kwamba ni saa tatu. Sekunde alicheka peke yake pale kwenye kiti, kisha machozi yakamtoka, na yule mama akajifanya anatafuta faili.

Nyumbani alikibandua kibanda kwa kisu chembamba, akakigeuza, akakigundisha tena. Hakusubiri gundi ikauke. Alikwenda kumchukua dada yake, akamsihi, akamwambia hata kama hataki kusema naye aje tu. Dada alivaa viatu akaja. Alisimama chumba cha nyuma mkoba mkononi, akatazama ile reli ambayo hakuwahi kuiona, akainama alipoelekezwa. Kwenye kile kioo cha duara kulikuwa na ukuta wa stesheni na benchi. Kivuko hakikuwepo popote. Sekunde alimweleza habari ya jua na saa, haraka haraka, akirudia. "Hakuona, dada. Asingeweza kuona. Baba alisema kweli."

"Najua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka uleule."

"Lakini ulijuaje? Hakukuwa na picha, hakukuwa na chochote."

Dada aliinuka taratibu, akiushika mgongo. Hakuwa na hasira tena, na alimtazama mdogo wake kama anavyotazama nguo iliyokatwa vibaya ambayo sasa lazima ishonwe hivyohivyo.

"Nilimwuliza," alisema. "Akaniambia hakuona. Wewe baada ya pale uliishi naye nyumba moja miaka kumi na tisa, mdogo wangu. Alikuwa anangoja umwulize."