Mchanga wa Jirani

Kwetu uwanja unafagiwa ubaki udongo mtupu, ili asubuhi ujue nani kapita usiku. Hapa Neasden, ughaibuni, nyumba ilikuja na nyasi, na nyasi hazikuambii kitu.

Siku moja, mwezi wa kumi na moja, nilirudi kutoka kazini nikakuta uwanja wangu wa nyuma umetobolewa vishimo kila mahali, na kila kishimo kimejazwa mchanga. Jirani yangu, mzee wa Kizungu tuliyekuwa tukisalimiana tu, akachungulia juu ya uzio akitabasamu. Alikuwa ametoboa kwake, akaona atoboe na kwangu, eti maji yasituame, nyasi zipumue kabla baridi haijakaza. Mtu mzima anaingia kwangu mimi sipo, anafukia vitu ardhini, eti nyasi zipumue! Nani alimtuma? Nikamwambia asante, nikaingia ndani, nikatoka na chumvi ya mawe, nikaimwaga uwanja mzima, kama mama alivyofanya mlangoni kila alipohisi mkono wa mtu.

Baridi ilipokwisha, nyasi zake zilirudi kijani. Zangu zilikufa zote. Sasa nina udongo mtupu. Naufagia kila asubuhi, na nyayo za yeyote atakayeingia nitaziona.

Mpaka leo nimeziona zangu tu.