Kipande cha Taya

Daktari wa meno aliponing'oa gego, kipande cha mfupa wa taya kilitoka nalo. Alikigeuzageuza chini ya taa. Kilikuwa cheusi kama mkaa wa mkoko.

"Tukapime," akasema.

Nilisubiri majibu wiki tatu nyumbani Bagamoyo, mimi nisiyeweza kukaa mahali bila kutamani njia. Asubuhi moja mama alifungua sanduku lake, akatoa sanda aliyojiwekea tangu niko shule, akaiweka kitandani kwangu.

"Mimi nitatafuta nyingine," akasema.

Hilo ndilo sijalisamehe.

Majibu yakaja: si saratani. Mfupa mzima, umebadilika rangi tu, na rangi yenyewe huenda isitoke. "Uliwahi kunywa antibiotiki kwa muda mrefu? Zipo zinazotia mfupa weusi," daktari akauliza. Nilicheka mpaka fizi ikatoka damu.

Miaka tisa! Nilikuwa na chunusi za usaha, na mwenye duka la dawa kule Zinga, tuliyemwita daktari ingawa hakuwa, alinifungia vidonge hivyo kwenye karatasi. Nilihangaika na vibarua Makurunge, Pangani, Tanga; kila nikirudi nilipitia kwake. "Uso unang'aa, bado mchumba tu!" alinitania. Hakuniambia hata siku moja niache.

Nilimwomba daktari wa meno kipande changu. Mama akasema kilichotoka mwilini huzikwa. Nikakata pembe ya sanda yake, nikakifunga, nikaenda Zinga.

Duka lilikuwa na watu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu! Umepotea. Nikupe zile zako?"

Nikafungua kitambaa juu ya kaunta. "Zile zangu ndizo hizi. Taya langu, baada ya miaka tisa ya dawa yako."

"Subhanallah!" mama mmoja akasema, akarudisha vidonge alivyokuwa ameshika.

Mwenye duka akaninong'oneza, "Kazike, baba. Mfupa wa mtu hautembezwi hivi."

"Zika wewe. Hapo mlangoni."

Akawatazama wateja. Hakuna aliyemtetea. Akachukua jembe, akachimba pale pale wanapokanyaga wanunuzi, akakifukia. Sikumsaidia.

Siku hizi nikipita Zinga lazima nishuke. Namwamkia kwa adabu zote. Akiniuliza nahitaji nini, najibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Sihitaji kitu, daktari. Nimekuja kuzuru kaburi."

Wateja huuliza kaburi la nani. Namwachia yeye awajibu.